Mlinganyo wenye xy: uutofautishe ulivyo, uitenge y kwanza, au ushike njia nyingine?

Ukipewa mlinganyo kama x² + xy + y² = 7, na swali linataka dy/dx, yaani mteremko wa mchoro wake, zipo njia kadhaa za kulifikia jibu. Zote ni halali, na zikifanywa sawasawa zinakubaliana. Hazilingani, hata hivyo, kwa muda zinaokula, kwa mitego zinayokuwekea, wala kwa kazi zinayoweza kuendelea kuifanya baada ya jibu la kwanza kupatikana. Wanafunzi wengi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati), na wa mwaka wa kwanza chuoni, hawachagui. Wanashika njia waliyofundishwa mwisho na kwenda nayo hata pale inapowatesa.

Hapa nazipanga njia hizo sambamba. Msimamo wangu nausema mapema: kuutofautisha mlinganyo ulivyo, kwa kanuni ya zao, ndiyo njia ya kuanzia. Nyingine zina mahali pake, na mahali hapo panatambulika kwa kuutazama mlinganyo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mlinganyo mmoja, njia mbili

Tuanze na huo huo, x² + xy + y² = 7. Ili mistari isirefuke nitaandika y′ badala ya dy/dx.

Katika njia ya kwanza, utofautishaji fiche, hatuigusi y wala kuihamisha. Tunapita kipande kwa kipande tukikumbuka kwamba x ikisogea, y nayo inasogea. Kutoka x² tunapata 2x. Kutoka y² tunapata 2yy′, kwa kanuni ya mnyororo. Namba 7 haibadiliki, kwa hiyo inatoa 0. Kinachobaki ni xy, nacho ni zao la vitu viwili ambavyo vyote vinabadilika. Unaiacha x ilivyo na kuitofautisha y, kisha unaiacha y ilivyo na kuitofautisha x, halafu unajumlisha: xy′ + y. Hiyo ndiyo kanuni ya zao. Mstari mzima unakuwa:

2x + y + xy′ + 2yy′ = 0

Vyenye y′ vikikusanywa upande mmoja:

y′ = −(2x + y)/(x + 2y)

Kwenye nukta (1, 2) mteremko ni −4/5.

Katika njia ya pili tunaitenga y kwanza. Mlinganyo ukitazamwa kama wa kipeo cha pili katika y, yaani y² + xy + (x² − 7) = 0, fomula inatupa:

y = [−x ± √(28 − 3x²)]/2

Nukta yetu ni (1, 2), kwa hiyo tunachukua alama ya kujumlisha, kisha tunatofautisha:

y′ = ½[−1 − 3x/√(28 − 3x²)]

Weka x = 1. Kipeuo ni 5, na jibu ni ½(−1 − 3/5) = −4/5. Zimekubaliana.

Sasa pima kazi. Njia ya kwanza ilidai kanuni mbili na kukusanya vipande. Ya pili ilidai fomula ya kipeo cha pili, uamuzi kuhusu alama, na kutofautisha kipeuo. Uamuzi wa alama ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu x = 1 ina nukta mbili kwenye mchoro huu: (1, 2) kwa alama ya kujumlisha na (1, −3) kwa alama ya kutoa. Miteremko yake ni tofauti kabisa. Kwenye (1, −3) ni −1/5. Jibu la njia ya kwanza linazihudumia nukta zote mbili bila kubadilishwa hata herufi, wakati njia ya pili inakulazimisha urudi nyuma, ubadilishe alama na utofautishe upya.

Njia ya pili ina sifa moja ambayo siipuuzi. Jibu lake lina x peke yake. Ukitaka kujaza jedwali refu la miteremko kwa thamani nyingi za x, au kuchora kwa kompyuta, fomula ya x tupu inaingia moja kwa moja. Fomula ya njia ya kwanza inataka uijue y kwanza kwa kila x.

Pale xy inapokosewa

Udhaifu wa njia ya kwanza uko sehemu moja tu, na ni lazima usemwe waziwazi: mtu akikosea zao, amekosea kila kitu. Makosa yenyewe ni mawili. Wa kwanza anatofautisha kila kimoja na kuzidisha, akapata 1 × y′. Wa pili anaichukulia x kama namba tu, akaandika xy′ na kuisahau y iliyobaki.

Kosa la kwanza si la kijinga. Gottfried Leibniz mwenyewe, katika maandishi yake ya Novemba 1675, alijiuliza kama badiliko la zao ni sawa na zao la mabadiliko, akachunguza na kuona kwamba sivyo. Kanuni sahihi ilitokea katika makala yake ya 1684 kwenye jarida la Acta Eruditorum la Leipzig. Ukitaka kujithibitishia kwa sekunde chache, chukua x·x. Kuzidisha mabadiliko kunakupa 1 × 1 = 1, na kila mtu anajua x² inatoa 2x.

Tazama kinachotokea kwenye mlinganyo wetu. Aliyefanya kosa la kwanza anapata 2x + y′ + 2yy′ = 0, na kwenye (1, 2) anaandika −2/5. Aliyefanya kosa la pili anapata 2x + xy′ + 2yy′ = 0, na kwenye (1, 2) naye anaandika −2/5. Kwa kuwa x ni 1, makosa mawili yasiyofanana yametua kwenye jibu moja. Wanafunzi wawili wakilinganisha madaftari watapongezana, na wote wamekosa.

Hapa ndipo njia ya pili, ya kuitenga y, inapopata kazi yake bora, ambayo ni ushahidi. Chukua kalkuleta na uweke x = 1.01 kwenye fomula ya y iliyotengwa. Unapata y ≈ 1.99198. Kutoka 2, y imeshuka kwa 0.00802 wakati x imepanda kwa 0.01, yaani mteremko wa karibu −0.80. Kama −2/5 ingekuwa kweli, y ingekuwa karibu na 1.996. Hakuna haja ya kubishana.

Nina pendekezo jingine kuhusu njia ya kwanza, na nadhani halisisitizwi vya kutosha madarasani. Swali likitaja nukta, weka namba mara tu baada ya kutofautisha, kabla ya kuitenga y′. Mstari 2x + y + xy′ + 2yy′ = 0 kwenye (1, 2) unakuwa 2 + 2 + y′ + 4y′ = 0. Mtu yeyote anaona 5y′ = −4. Aljebra ya kukusanya herufi, ambako alama za kutoa hupotea, imeepukwa yote.

Milinganyo isiyokubali y itengwe

Mfano wa kwanza ulikuwa wa huruma kwa njia ya pili. Tuchukue x³ + y³ = 6xy. Huu ni wa familia x³ + y³ = 3axy, jani la Descartes, mchoro wenye kitanzi kimoja na mikia miwili. René Descartes aliutoa mwaka 1638 kama changamoto kwa Pierre de Fermat, akitaka aoneshe kwamba njia yake ya kutafuta tanjenti inauweza. Fermat aliuweza.

Ukitaka kuitenga y hapa unahitaji fomula ya milinganyo ya kipeo cha tatu. Na hata ukiipata, x = 3 ina thamani tatu za y: 3, takriban 1.85, na takriban −4.85. Utakuwa na fomula tatu ndefu na kazi ya kujua ipi ni ya nukta yako. Kwa kanuni ya zao upande wa kulia:

3x² + 3y²y′ = 6y + 6xy′

Kwenye (3, 3): 27 + 27y′ = 18 + 18y′, kwa hiyo y′ = −1. Basi. Kwa jumla, y′ = (2y − x²)/(y² − 2x).

Kwenye kemia na fizikia jambo hili si la mapambo. Johannes van der Waals, katika tasnifu yake ya 1873 huko Leiden, aliirekebisha sheria ya gesi kwa kuzingatia ukubwa wa molekuli na mvutano kati yake. Kwa moli moja, P ikiwa kani-eneo, V ujazo, T jotoridi, na a, b na R namba zisizobadilika:

(P + a/V²)(V − b) = RT

Tuseme unataka kujua ujazo unavyobadilika joto likipanda huku kani-eneo P ikiwa imeshikiliwa pale pale. Kuitenga V kunaleta tena mlinganyo wa kipeo cha tatu. Lakini upande wa kushoto ni zao la mabano mawili, na V iko ndani ya yote mawili. Tofautisha kwa kufuata T (V′ sasa ni dV/dT), bano moja baada ya jingine:

(−2a/V³)V′(V − b) + (P + a/V²)V′ = R

V′ = R/(P − a/V² + 2ab/V³)

Angalia pia kwamba hakuna aliyefungua mabano kabla ya kutofautisha. Kuyafungua kungetoa vipande vinne, PV − Pb + a/V − ab/V², navyo vinatofautishika vizuri. Kwa mabano mawili mafupi hiari ni yako. Yakiwa na vipeo vikubwa, yaache yamefungwa.

Mgawanyo: uubadilishe kuwa zao?

Mlinganyo ukiwa na y/(x + y) = x², kuna kanuni ya mgawanyo na kuna kuzidisha kwanza ili asili iondoke. Nalinganisha:

Kwa kanuni ya mgawanyo: [y′(x + y) − y(1 + y′)]/(x + y)² = 2x, na ukisafisha unapata y′ = [y + 2x(x + y)²]/x.

Kwa kuzidisha kwanza: y = x³ + x²y. Kisha y′ = 3x² + 2xy + x²y′, kwa hiyo y′ = (3x² + 2xy)/(1 − x²).

Mimi huchagua ya pili kila mara. Ina hatua chache, na kanuni ya zao haijali mpangilio, wakati kanuni ya mgawanyo ina alama ya kutoa ambayo ukiigeuza umeharibu. Sharti moja tu: asili iliyoondolewa isiwe sifuri, kwa hiyo nukta zenye x + y = 0 hazimo kwenye swali la awali.

Lakini tazama majibu hayo mawili. Hayafanani hata kidogo. Mwanafunzi akilipata moja na kitabu kina lingine, anafuta kazi sahihi. Yajaribu kwenye nukta ya mchoro wenyewe: x = 2 inatoa y = −8/3. Jibu la kwanza: x + y = −2/3, kipeo chake cha pili ni 4/9, na (−8/3 + 16/9)/2 = −4/9. La pili: (12 − 32/3)/(−3) = −4/9. Ni sawa, kwa sababu x na y si huru. Zimefungwa na mlinganyo, na mlinganyo huo unaweza kuligeuza jibu moja kuwa jingine. Nje ya mchoro yanatofautiana, ila huko hakuna anayeuliza. Kabla ya kukubali kwamba umekosa, weka namba.

Logi: pale kila kitu kinapozidishana

Chukua x²y³ = 108, kwenye nukta (2, 3). Kwa kanuni ya zao: 2xy³ + 3x²y²y′ = 0, na baada ya kukata, y′ = −2y/(3x). Kwa logi: 2 ln x + 3 ln y = ln 108, kisha 2/x + 3y′/y = 0, na jibu ni lile lile. Kwenye (2, 3) ni −1.

Kwa vitu viwili tofauti ni ndogo. Vikiwa vitatu au vinne vinavyozidishana, logi inashinda wazi, kwa kuwa inageuza zao kuwa jumla na kanuni ya zao haina tena la kufanya. Ndiyo maana wanafunzi wa uchumi wanaipenda kwenye fomula ya uzalishaji ya Charles Cobb na Paul Douglas ya 1928, Q = AL^α K^β, ambako Q ni uzalishaji, L nguvukazi na K mtaji, na A, α na β ni namba zisizobadilika. Ukiishikilia Q, mstari mmoja wa logi unakupa dK/dL = −αK/(βL), yaani mtaji unaopungua kwa kila nyongeza ya nguvukazi bila uzalishaji kubadilika.

Alama ya kujumlisha ikiingia, logi imekwisha kazi. ln(x² + xy + y²) haigawanyiki, na anayeandika ln x² + ln xy + ln y² amezua hisabati yake. Huo ndio mpaka: pakiwa na kuzidisha na vipeo vitupu, tumia logi; pakiwa na jumla yoyote katikati, rudi kwenye kanuni ya zao.

Kuna mahali zinakutana. Mlinganyo x^y = y^x una kigeu kwenye kipeo, na hakuna kanuni ya kawaida inayougusa moja kwa moja. Logi inautuliza: y ln x = x ln y. Sasa kila upande ni zao, na kanuni ya zao inaitwa mara mbili:

y′ ln x + y/x = ln y + xy′/y

Kwenye (2, 4), ambako 2⁴ = 4² = 16, unapata y′ = (ln 4 − 2)/(ln 2 − ½) ≈ −3.18.

Njia ya mkato ya sehemu

Aliyefika kwenye vigeu viwili chuoni ana njia ya nne. Hamisha kila kitu upande mmoja na uite F. Itofautishe F ukiichukulia y kama namba, upate Fx. Itofautishe tena ukiichukulia x kama namba, upate Fy. Kisha y′ = −Fx/Fy, ambayo ndiyo fomula ya sehemu. Kwa mlinganyo wetu wa kwanza, Fx = 2x + y na Fy = x + 2y. Jibu limetokea mstari mmoja.

Njia hii kwa milinganyo ya vipeo ina umri mkubwa kuliko makala ya Leibniz ya 1684. René-François de Sluse alichapisha kanuni yenye matokeo hayo hayo katika Philosophical Transactions ya London mwaka 1673.

Kwa kasi haina mpinzani. Hata hivyo simshauri mtu aanze nayo. Tazama kipande xy: Fx inakichukua y, Fy inakichukua x, navyo ndivyo vipande viwili vya kanuni ya zao vilivyotenganishwa. Aliyeielewa kanuni ya zao anaona kwa nini fomula inafanya kazi na kwa nini ina alama ya kutoa. Ambaye hakuielewa anakariri, na siku akisahau kama Fx ni juu au chini hana pa kushika. Kwenye mtihani unaotaka hatua zioneshwe, ifanye kwenye karatasi ya pembeni kuhakiki jibu la kanuni ya zao.

Sababu ya pili ni kwamba maswali mengi hayaishii kwenye y′. Yakitaka y″, fomula ya sehemu kwa mara ya pili ni ndefu na ya kuchosha. Kanuni ya zao inaendelea pale pale ilipoachia. Rudi kwenye 2x + y + xy′ + 2yy′ = 0 na uutofautishe tena:

2 + y′ + (y′ + xy″) + (2y′² + 2yy″) = 0

Kwenye (1, 2), tukijua y′ = −4/5: 2 − 1.6 + 1.28 + 5y″ = 0, kwa hiyo y″ = −0.336. Mchoro umeinama kuelekea chini pale. Usiitenge y′ na kuitofautisha kama mgawanyo. Ni njia ndefu ya kufika hapo hapo.

Nukta ambako zote zinasimama

Asili ya y′ ikiwa sifuri na kiasi chake si sifuri, tanjenti imesimama wima. Hilo ni jibu, liandike. Kwenye x² + xy + y² = 7 hutokea pale x = −2y.

Ugumu wa kweli ni 0/0. Rudi kwenye jani la Descartes na uweke (0, 0) katika y′ = (2y − x²)/(y² − 2x). Juu sifuri, chini sifuri. Fomula ya sehemu inasema hivyo hivyo. Hujakosea. Pale mchoro unajikata wenyewe, na nukta moja ina tanjenti mbili, kwa hiyo hakuna y′ moja ya kutafuta. Karibu na (0, 0), x³ na y³ ni ndogo mno kulinganisha na 6xy, na kinachobaki ni xy = 0. Tanjenti ni x = 0 na y = 0, mihimili yenyewe miwili.